Niliacha ukaguzi wa benki kwa ajili ya mtoto mwenye selimundu: jibu kwa anayeuliza kama aache kazi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama uukubali uhamisho wa kwenda Mbeya kuwa meneja wa kanda, umwache mkeo Dar es Salaam na watoto watatu ambao wa mwisho ana selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), au uandike barua ya kuacha kazi ubaki nyumbani. Baadhi ya waliotangulia wamekujibu kwamba familia ndiyo kwanza, na wengine kwamba mwanamume asiye na kipato hana sauti nyumbani kwake. Mimi nilifika hapo ulipo mwaka 2019, nikaacha kazi, na sijutii. Lakini majibu hayo yote mawili yasingenifaa wakati ule, kwa kuwa hakuna linaloeleza mtu huyo anabaki nyumbani kufanya nini.

Nilikuwa mkaguzi wa ndani wa benki, kazi iliyoniweka barabarani karibu nusu ya kila mwezi: Kahama, Kasulu, Mpanda, Tunduru. Mke wangu ni muuguzi katika hospitali ya serikali, naye ana zamu za usiku. Mtoto wetu wa pili aligundulika akiwa na miezi 9, baada ya vidole vyake vya mikono na miguu kuvimba, nasi tukadhani ameumwa na mdudu. Kliniki walitufundisha mengi, na mojawapo ni kupapasa bandama: unamlaza mtoto chali, unaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, unabonyeza taratibu kila siku ili ujue ukubwa wake wa kawaida, kwa sababu siku bandama itakapoanza kuizuia damu ndani yake, itavimba kwa saa chache na mtoto anaweza kufa kabla hamjaelewa kinachoendelea.

Usiku mmoja nikiwa nyumba ya wageni Mpanda, mke wangu akiwa zamu na simu yake ikiwa imefungiwa kabatini, dada anayetusaidia nyumbani alinipigia saa nane. Mtoto alikuwa na miaka 3. Alisema amelala tu, hataki maji, na midomo imekuwa myeupe. Nilimwelekeza kwa simu mahali pa kuweka vidole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, kuna kitu kigumu, kipana kama kiganja changu." Jirani mwenye gari aliamshwa, mtoto akafikishwa hospitali na kuongezewa damu, akapona. Mimi saa mbili asubuhi nilikuwa katika chumba cha hazina cha tawi nikihesabu noti, kwa kuwa uhesabuji wa fedha ukishaanza hauachwi katikati, na nakumbuka nilirudia bunda moja la noti za elfu kumi mara nne bila kulimaliza.

Sikuandika barua wiki ile, na nakushauri nawe usiandike wiki yenye tukio la namna hiyo. Kwa miezi miwili niliandika katika daftari kila saa ambayo mtoto alihitaji mtu mzima anayeijua hali yake na hakuwapo: usiku wa zamu za mama yake, siku za kliniki, asubuhi za baridi, na mchana ambao shule ilipiga simu. Daftari lile lilinionyesha kwamba tatizo halikuwa kazi kwa ujumla, bali safari. Nikaomba kwa maandishi nihamishiwe dawati la makao makuu, hata kwa cheo cha chini. Nilijibiwa kwamba nafasi hizo zimejaa. Jibu lingekuwa tofauti, leo ningekuwa bado mwajiriwa, na ndiyo maana nasema uombe kwanza kushuka kabla ya kuondoka. Sheria yenyewe haikunipa pa kushika: kwa ilivyokuwa wakati ule, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi siku 4 zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto au misiba ya karibu, tena katika mzunguko wa miezi 36, na siku za ziada zilikuwa bila malipo. Mtoto wangu alikuwa amelazwa mara 6 katika mwaka mmoja.

Ndugu wote walitarajia kwamba atakayeacha ni mke wangu, kwa kuwa mshahara wangu ulikuwa zaidi ya mara mbili ya wake. Tulipokaa chini tuliona kwamba akiacha yeye, mimi nitaendelea kulala Mpanda, na mtoto atategemea bima binafsi ya benki iliyokuwa na ukomo wa malipo kwa mwaka, ambao tayari tuliwahi kuumaliza mwezi wa tisa. Yeye alikuwa mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kupitia mwajiri wake, na mtoto angeweza kuingizwa kama mtegemezi. Tulikamilisha fomu, cheti cha kuzaliwa na kadi kabla sijatamka neno lolote ofisini.

Kuhusu fedha, ninayaeleza kwa undani kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumia. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Fao la kukosa ajira, lililokuja na mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, halimhusu anayeacha kazi kwa hiari yake, kwa hiyo usiliweke kwenye hesabu zako. Pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inadai michango ya miezi 180. Mimi nilikuwa na 132, na miezi 48 iliyobaki nimekuwa nikiilipa mwenyewe kama mchangiaji wa hiari, mwezi mwingine kwa shida kubwa. Kisha mkopo. Mkopo wa mfanyakazi wa benki huwa na riba ya upendeleo ambayo hukoma siku ajira inapokoma, na salio langu lingehamia riba ya soko wakati ambao sina mshahara. Niliuza kiwanja cha Kibaha, nikafuta mkopo, ndipo nikaandika barua, miezi mitatu baada ya uamuzi wenyewe.

Aibu ipo. Mkaguzi akiondoka benki ghafla, mtaa mzima unajua kaiba. Mama yangu aliwaambia watu kanisani kwamba niko masomoni. Lakini kilichonichoma kuliko maneno ya watu ni kuomba kwa mke wangu hela ya kunyoa nywele, si kwamba alininyima, bali kwamba aliitoa haraka mno, bila kuniangalia usoni. Tuligombana kwa hilo bila kulitaja kwa karibu mwaka mzima, hadi tulipokubaliana kwamba mshahara wake ukiingia tunaugawa sote wawili mezani, siku hiyo hiyo, na kila mmoja ana fungu lake asiloulizwa.

Kazi ya nyumbani yenyewe haina mapambo: chupa ya maji anayopaswa kuimaliza kabla ya saa sita, sweta alfajiri za Juni na Julai, dawa kwa saa yake, kipimajoto, na kwenda kwa mwalimu kueleza kwamba mtoto akiomba kwenda chooni mara kwa mara asikemewe. Mwaka wa kwanza alilazwa mara 2. Ningependa kusema ni kwa sababu yangu, lakini mwaka huo huo alianza haidroksiyurea, dawa ya selimundu, na siwezi kuitenganisha dawa na baba.

Sasa natunza vitabu vya maduka machache ya Tabata. Marejesho ya kodi ya mishahara kabla ya tarehe 7, ya VAT kabla ya tarehe 20, na katikati niko huru. Kipato ni kama nusu ya cha zamani. Uanachama wangu wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, sikuuacha ufe hata mwezi mmoja, na bila huo nisingepata hata duka moja. Wenzangu wa wakati ule sasa ni wakuu wa idara. Nilijaribu kurudi mwaka 2023, nikaitwa kwenye usaili, akachukuliwa kijana. Hilo halirudi.

Wapo waliokushauri uhamie Mbeya na familia nzima. Hospitali ya rufaa ya kanda ipo, ni kweli, lakini baridi ya Mbeya ni ya kuuliza kliniki kwanza, kwa sababu baridi huchochea maumivu kwa watoto hawa. Kwa hiyo rudi hapa na majibu ya mambo matatu: bima ya mtoto iko kwa mwajiri wa nani, una michango ya miezi mingapi, na salio la mkopo ni kiasi gani. Tukiwa na hayo tunaweza kuzungumza juu ya barua. Lakini leo jioni, kabla ya yote, mlaze mtoto chali na umfundishe dada wa nyumbani mahali pa kuweka vidole.