Toleo jipya likitoka Japani, Swift Sport yako ya Mbeya inashuka bei kweli?

Kila inapotangazwa gari ndogo mpya ya spoti huko Japani, simu yangu haitulii. Mwenye Suzuki Swift Sport wa Soweto anauliza auze leo au asubiri. Mwenye Toyota Vitz RS, ile Vitz ya spoti, wa Uyole ameshaambiwa na dalali kwamba gari yake imepitwa na wakati, na dalali huyohuyo ndiye anataka kuinunua. Gari za aina hii nimezimiliki na kuziuza hapa Mbeya kwa miaka, na wote huwaambia jambo moja: tangazo lenyewe halishushi bei ya gari yako. Kinachoishusha ni magari yatakayoshushwa bandarini Dar es Salaam kwa sababu ya tangazo hilo, na hayo huchelewa sana kufika. Tena kuna wakati toleo jipya ndilo linaloipandisha bei ya zamani.

Angalia njia yenyewe ilivyo. Japani gari mpya ya kutembelea hukaguliwa mara ya kwanza ikifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo wanauita shaken, na ni ghali. Kwa hiyo watu wengi huachana na gari ukaguzi unapokaribia, gari ikiwa na miaka 3, 5 au 7. Toleo jipya likiangukia kwenye majira hayo, za zamani hujaa minadani na bei yake hulegea. Baada ya hapo kuna meli, kuna bandari, kuna kodi, ndipo gari ije kupanda mlima Kitonga kuja kwetu. Mtu wa Mbeya anayeuza kwa hofu wiki ya tangazo anaikimbia mvua ambayo wingu lake bado liko Yokohama.

Hata hiyo nafuu ya mnadani haitufikii yote. TRA wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, na kodi inapigwa kwa thamani iliyomo humo. Umeokota gari kwa bei ya kutupa mnadani? Kodi haitashuka kwa kiasi hicho. Halafu kuna suala la umri, ambalo kwa gari zetu ndogo lina uzito kuliko toleo lolote jipya. Gari ya kutembelea yenye miaka 8 hadi 10 inaongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na ikizidi miaka 10 ni asilimia 30. Chukua gari ambayo thamani yake kwa forodha ni shilingi milioni 10: ikivuka mwaka wa 10, huko kuvuka tu kunamgharimu mwagizaji si chini ya milioni 1.5 zaidi, na VAT inakuja juu yake.

Hili linamsaidia mtu ambaye gari yake tayari iko nchini na kadi anayo. Swift Sport ya 2012 au 2013 ukiiagiza sasa, inakuja na mzigo wa asilimia 30 mgongoni. Yako ilishalipiwa zamani. Mnunuzi akikuambia "mimi naagiza yangu tu", mpe kikokotoo cha TRA kwenye simu apige hesabu mwenyewe hapohapo. Nimefanya hivyo na watu zaidi ya mmoja, na mazungumzo yakabadilika sauti.

Sasa tuje kwenye toleo lenyewe, kwa sababu si kila jipya linaiua la zamani. Mimi hujiuliza: je, hii mpya inampa mnunuzi kile alichokipendea ile ya zamani, kwa pesa anayoweza kuifikia? Kama jibu ni ndiyo, ya zamani itashuka. Kama ni hapana, kaa nayo.

Swift Sport inaonyesha pande zote mbili. Matoleo yake tunayaita kwa namba zake za kiwandani. ZC31S iliyotoka 2005 ilikuwa na injini ya 1.6 isiyo na turbo, nguvu za farasi 125, gia tano za mkono. ZC32S ikaja na farasi 136 na gia sita. Mabadiliko ya wastani, na bei ya ZC31S ikateremka taratibu kama ya gari yoyote inayozeeka. Lakini kwenye ZC32S za otomatiki Suzuki waliweka CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, na hapo soko la huku likagawanyika. Fundi yeyote wa Mbeya atakuambia anavyoiogopa CVT kwenye milima yetu, hasa ikiwa oili yake haijawahi kubadilishwa. Kwa hiyo ZC32S mbili za mwaka mmoja, rangi moja, kilomita zilezile, zinaweza kupishana bei vizuri tu kwa sababu moja ina klachi na nyingine haina. Dar es Salaam kwenye foleni mambo hugeuka, otomatiki ndiyo inayoulizwa. Huku juu, kwa gari ya spoti, gia za mkono ndiyo mali.

ZC33S ya 2017 ilikuwa habari nyingine kabisa. Injini ya 1.4 yenye turbo, farasi 140, uzito wa kilo 970 kwa ya gia za mkono. Kwenye karatasi tofauti ya farasi ni ndogo. Hapa kwetu ni kubwa, na sababu yake ni hewa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, basi, kwa hiyo zile farasi 125 za ZC31S huku zinafanya kazi kama 105 hivi. Turbo inaisukuma hewa ndani yenyewe, ndiyo maana inapoteza kidogo sana. Panda barabara ya Chunya na hizo gari mbili, moja baada ya nyingine, hutahitaji mtu akueleze. Hivyo ZC33S zinapozidi kuingia nchini, zinawagusa wenye ZC31S na ZC32S wa Mbeya, Njombe na Iringa kuliko wa Tanga. Mwenye gari isiyo na turbo huku anapaswa kulijua hilo na asidanganywe na bei anazoziona kwenye matangazo ya pwani.

Hata hivyo ZC31S yangu niliiuza vizuri wakati ZC33S zimeshaanza kuonekana mjini. Aliyeichukua ni kijana wa biashara ya mchele wa Igurusi ambaye turbo hakuitaka kabisa. Alitaka injini ambayo fundi wa Chimala anaijua, na spea anayoweza kuipata bila kuagiza mbali. Wanunuzi wa namna yake wapo wengi kuliko mnavyodhani, ni kwamba hawapigi kelele mitandaoni.

Kisha angalia kilichotokea baadaye. Swift mpya ya kawaida ilizinduliwa Japani Desemba 2023, lakini toleo la Sport halikuja nayo. Desemba 2024 Suzuki wakatangaza ZC33S za mwisho, za kutengenezwa hadi Novemba 2025. Gari ikifungwa mlango bila mrithi, mantiki inageuka: zilizopo ndizo zilizopo. Wakati huohuo ZC33S za mwanzo, zile za 2017, zilitimiza miaka 8 mwaka 2025 na kuingia kwenye ile asilimia 15. Ukiwa nayo tayari, safi, ya gia za mkono, sioni kwa nini uiachie kwa bei ya dalali.

Vitz RS nayo ina hadithi inayofanana. Mwaka 2020 Japani jina la Vitz lilikoma, Yaris ikashika nafasi. Wengi walitishika waliposikia kuna GR Yaris, farasi 272, magurudumu yote manne yanavuta. Lakini mtu anayetafuta Vitz RS hapa Kabwe hana bajeti ya GR Yaris na hatakuwa nayo mwakani. Hizo gari mbili hazigombei mnunuzi mmoja. Honda nao Fit ya 2020 waliitoa bila RS, yaani toleo lake la spoti, na RS iliporudi 2022 haikuwa na gia za mkono. Kwa macho yangu, Fit RS ya zamani yenye gia sita za mkono, ikitunzwa, ni gari ambayo watu watakuja kuitafuta.

Yote haya, namba ya usajili bado inaweza kuyafunika. Mnunuzi wa Mwanjelwa anauliza "ni namba gani?" kabla hajauliza injini. Gari ileile ya mwaka uleule ikiwa na namba E, yaani herufi zake zinaanza na E, inamvutia kuliko yenye namba C, ingawa namba inakuambia imesajiliwa lini nchini na haisemi imetengenezwa lini. Mimi naona hilo ni kosa la soko zima, na ukiwa mnunuzi litumie: tafuta namba ya zamani yenye gari nzima ndani yake. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, omba karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari, kama mwenyewe aliitunza, lala chini uangalie kama imepigwa chini kwenye mawe.

Kwa muuzaji, usiweke turbo ya kubandika, wala bomba la kelele, wala springi zilizokatwa. Mnunuzi mwenye hela huku anataka gari ya spoti iliyobaki ilivyotoka kiwandani, kwa sababu anajua barabara zetu zinavyoitesa iliyoshushwa. Badilisha shokapu na bushi zilizochoka, breki zikague kwa uangalifu hasa, maana mtu akitoka kuijaribu kwenye mteremko wa Mlima Nyoka na usukani ukatetemeka, bei yako imeishia pale.

Na uangalie majira. Mpunga wa Usangu ukishavunwa kuanzia Mei hadi Julai, kahawa ya Mbozi nayo ikifuatia, vijana wa biashara wanakuwa na fedha mkononi na dalali anakuwa na washindani. Januari, ada za shule zinapobana, anayekuja ni yule anayejua una shida. Kama unataka kuuza mwaka huu, piga picha nzuri sasa, tengeneza gari taratibu, halafu iweke sokoni Juni.