Barua kwa mwanangu: wasifu wa bibi yako

Mwanangu,

Umeniuliza utaandikaje wasifu wa bibi yako kwa ajili ya ibada ya shukrani, wakati umepewa dakika saba tu, na hutaki usomeke kama ule wa kila msiba: "alikuwa mcha Mungu, alipenda watu wote." Umewaza vema. Bibi yako alimtumikia Mungu kwa mikono yake, basi andika mikono hiyo ilifanya nini, wapi na lini. Ucha Mungu wake watu watauona wenyewe.

Anza na tarehe, maana ndipo wasifu wa wazee wetu unapoharibika. Kitambulisho chake kisikutoshe. Ukiona mzee ameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, fahamu kwamba huenda karani alikadiria. Cheti cha ubatizo ni bora zaidi, lakini kisome kwa makini: aliyebatizwa mchanga, tarehe yake iko karibu na kuzaliwa, aliyebatizwa mkubwa baada ya mafundisho, cheti hakikwambii umri wake. Cheti kikiwa kimepotea, mwombe katibu wa usharika akufungulie daftari la ubatizo. Nenda siku ya kazi, si Jumapili, na umpelekee majina ya wazazi wa bibi na ya wasimamizi wake wa ubatizo. Jina la bibi peke yake halitoshi, kwa sababu waliobatizwa kwa jina moja ni wengi, na mwandikaji wa zamani aliandika jina la ukoo kama alivyolisikia. Tafuta kwa jina la baba yake kwanza.

Ukifika kwa wazee, usiwaulize "bibi alizaliwa mwaka gani?" Watakupa mwaka wowote ili kukuridhisha. Waulize: uhuru ulipokuja Desemba 1961, bibi alikuwa amembeba mtoto yupi? Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, yule wa mwisho alikuwa ameshatembea? Vijana walipokwenda vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, nani nyumbani alikuwa shuleni? Ukipata majibu matatu yanayokubaliana, hapo una msingi. Yasipokubaliana, andika "miaka ya 1930" uishie hapo. Makadirio yaliyosemwa wazi hayamvunjii mtu heshima. Tarehe ya kubuni itasahihishwa kwa sauti na shangazi yako mbele ya mchungaji.

Kosa jingine linalorudiwa sana: "alibatizwa katika KKKT" (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kwa mtu aliyebatizwa kabla ya 1963. KKKT ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana. Kabla ya hapo, huku kwetu Kilimanjaro lilikuwa Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini. Angalia pia jina la usharika. Sharika nyingi za leo zilikuwa mitaa, yaani matawi, ya usharika mwingine, kwa hiyo mahali alipopata kipaimara panaweza kuwa na jina tofauti leo. Yataje yote mawili, la wakati ule na la sasa.

Sasa utumishi wake. Hapa usiwe mchoyo wa maneno, mpe hata nusu ya wasifu mzima. Cheo hutakipata, kwa sababu KKKT ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji miaka ya 1990, naye wakati huo alikuwa ameshazeeka. Ukitafuta vyeo utaandika mstari mmoja, "alikuwa mwanachama wa umoja wa wanawake," na utakuwa umemwacha nje ya wasifu wake mwenyewe.

Chukua vitambaa vya madhabahu. Sema alivitunza, halafu sema vilivyotunzwa: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Krismasi na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste, kijani cha Jumapili nyingi za mwaka, na cheusi kinachotoka siku moja tu, Ijumaa Kuu. Nta ya mshumaa hakuiosha kwa maji ya moto, kwa kuwa moto huiyeyusha ikazama kwenye nyuzi. Aliiacha igande, akaikwangua kwa mgongo wa kisu, akaweka karatasi juu na chini ya kitambaa, akapitisha pasi ya mkaa ili karatasi ifyonze iliyobaki. Karatasi nyeupe, si gazeti, kwa sababu wino wa gazeti huhamia. Doa la divai alilitia chumvi na maji baridi kabla ya sabuni, tena siku ileile. Hakukamua, alikunja taulo juu yake, akabana, kisha akapiga pasi kitambaa kikiwa bado na unyevu. Wanawake watakaokaa kwenye mabenchi ya mbele wanaijua kazi hiyo. Wakisikia sentensi tatu za namna hii watakuwa wamemwona bibi yako, nawe huhitaji tena neno "mwaminifu."

Fanya vivyo hivyo kwa sadaka ya mavuno. Usiseme "alitoa sana." Sema alichotoa: mkungu wa ndizi, mayai, maziwa, na kwamba kwenye mnada baada ya ibada alinunua vya wengine ili mtu asirudi na mzigo wake.

Biblia yake nimeifunga kwenye kitenge, utaikuta kabatini. Ni ya Union Version, tafsiri ya 1952, na pembeni mwa mistari kuna tarehe za penseli. Zilinganishe na kalenda ya mwaka husika. Tarehe ikiangukia Jumapili, yaelekea ni somo la ibada ya siku hiyo. Ikiangukia siku ya kazi, kuna jambo: kuzaliwa, kuugua, kufiwa. Mwulize shangazi yako hizo tu, umpunguzie kuchoka. Na fungua kurasa taratibu, mshono wa mgongo umeachia kwenye Zaburi.

Somo la kufungulia, usichukue Mithali 31. Kuanzia mstari wa 10 ni mistari 22, itakumaliza muda, na husomwa kila mwanamke anapozikwa. Chukua 2 Timotheo 1:5, anapotajwa Loisi, bibi yake Timotheo. Ni mstari mmoja, na unamhusu bibi hasa.

Watoto wahesabu wote, pamoja na waliofariki wachanga. Familia nyingi huwaacha, na mama aliyewazaa hakuwaacha kamwe. Andika idadi ya waliozaliwa, kisha walio hai. Aliowalea bila kuwazaa wape sentensi yao. Wajukuu, vitukuu na vilembwe sema kwa idadi tu; majina yaende kwenye ratiba iliyochapwa, yahakikiwe na mtu mmoja kutoka kila nyumba. Jina likirukwa kwenye kipaza sauti, ugomvi wake hudumu miaka.

Ugonjwa usizidi sentensi mbili. Nimesikia wasifu ambao miaka themanini ilipewa aya moja na hospitali ikapewa tatu.

Wala usiufiche ukali wake. Aliyechelewa sala ya jioni hakula mpaka aseme Baba Yetu peke yake. Waliolelewa naye watakuwepo, na ukiwasomea habari za malaika wataacha kusikiliza.

Kwa sauti ya msibani mtu husoma kama maneno mia kwa dakika, hivyo maneno yako yasizidi mia saba. Chapa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, sentensi isivuke ukurasa. Soma mara mbili kwa sauti ukipima saa. Penye sentensi itakayokuliza, weka alama na uigawe mara mbili ili upate pa kuvuta pumzi. Mpe binamu yako nakala, akae kiti cha pili. Ukishindwa aendelee kutoka ulipokomea bila kurudi mwanzo.

Nakala mbili uzisaini na kuweka tarehe: moja ibaki ofisi ya usharika, ya pili uiweke ndani ya Biblia yake, bila kuikunja, upande wa nyuma ambako mshono ni mzima.

Baba yako