Saa za kuruka: logibuku ya mtandaoni au daftari?

Mkuu, umeuliza uhamie logibuku (kumbukumbu ya saa za rubani) ya mtandaoni au ubaki na daftari lako la karatasi. Mimi ninavyo vyote viwili, na aliyenifikisha hapo ni mvua ya Kigoma. Masika moja begi lililowa nikikimbia kutoka kwenye ndege, kurasa za miezi mitatu zikabaki madoa ya wino. Nilizirudisha zile saa kwa kupekua madaftari ya ndege zenyewe, safari moja moja.

Nikahamia mtandaoni, nikajiponza upya. Tabora hadi Kigoma kwa injini moja ilikuwa saa 1 na dakika 45, nami najaza 1.45. Kumbe programu inahesabu kwa desimali, ilitakiwa 1.75! Safari 40 za hivyo ni saa 12 zimeyeyuka, wakati nazisaka 1,500 za ATPL, leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege.

Halafu kuna hili la saa zetu Waswahili. Umetoka HTTB, yaani uwanja wa Tabora, saa nne asubuhi. Saa ya mkononi inaonyesha 10:00, logibuku inataka 07:00 kwa sababu inatumia UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Namba tatu, dakika ileile. Na uhesabu tangu ndege inapoanza kusogea ili iende kuruka mpaka inaposimama kabisa, siyo tangu magurudumu yaache ardhi.

Saa za zamani usizijaze zote, utachoka uache. Weka jumla kwa kila aina ya ndege, kisha jaza safari za siku 90 za mwisho moja moja. Hapo ndipo programu inakulipa fadhila: inakukumbusha kama bado una zile ruka-tua tatu (kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku hizo 90) za kukuruhusu kuwa rubani kiongozi. Karatasi haikumbushi mtu.

Mtandao ukikata, mimi naandika muda kwenye karatasi ninayoiweka gotini nikiruka, naingiza jioni hiyohiyo. Ukilala hujaziingiza saa hizo, asubuhi unaanza kukisia. Mwisho wa mwezi nachapisha, na panapohitaji saini ya mkufunzi anasaini kwa wino.

Kuhusu programu za kulipia: kabla hujatoa hela, ingiza safari mbili tatu ujaribu kuzipakua zikufikie kwenye kompyuta yako. Ikigoma kukupa saa zako, achana nayo.