Piko ya nusu saa kwa harusi ya Tanga: usimpe mchoraji mkono wako, na wa mtoto ndiyo kabisa

Dada wa Moshi, kabla hujatuma hela ya kutangulizia, soma hapa.

Umeandika kwamba unashuka Tanga Ijumaa mchana kwa harusi ya Jumamosi, na kuna mchoraji wa Ngamiani amekuahidi piko, yaani rangi ya kuchora ngozini, nyeusi tii "inayokolea kwa nusu saa". Wewe mikono yote miwili hadi karibu na kiwiko, binti yako wa miaka sita maua mawili mgongoni mwa mkono. Halafu ukauliza habari za basi, dera la mkesha, singo (kusuguliwa mwili kwa liwa) na mafuta ya jua. Hayo mengine tutayafikia. Au hatutayafikia.

Kilichonishtua ni hiyo nusu saa. Hina haikolei kwa nusu saa, haijawahi. Rangi ya jani la mhina huingia kwenye ngozi polepole na kushikana na protini zake. Ukiikwangua mapema unabaki na chungwa hafifu. Ukiiacha usiku kucha, asubuhi inatoka chungwa, kesho yake inaingia wekundu wa udongo, na baada ya saa 48 hivi inafika kwenye hudhurungi iliyoiva. Hapo ndipo mwisho wake. Viganja na nyayo hukolea zaidi, mgongo wa mkono hukolea kidogo, lakini nyeusi ya wino haimo kwenye jani hilo hata ulikoroge na nini. Ukiona nyeusi, jua kuna kitu kingine ndani.

Na hicho kingine wenyeji tunakijua: ni poda nyeusi ya kupaka mvi, iliyokorogwa na maji kwenye kibakuli. Ndani yake mna kemikali inayoandikwa p-phenylenediamine, au PPD kwa kifupi. Pengine utaikuta kama 1,4-diaminobenzene au CI 76060. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Kwenye piko hakuna anayepima. Anayechora anataka ikolee haraka apokee mteja mwingine, kwa hiyo anaikoroga nzito. Michoro ya namna hii iliyowahi kupimwa nje imekutwa na zaidi ya asilimia 15. Sasa hiyo ndiyo inayowekwa kwenye mkono wa mtoto, na mtoto anaambiwa atulie isichafuke.

Najua mtakuja na ile hoja: "Mbona dada yangu alipaka mwaka jana hakupata kitu?" Ndiyo. Na hapo ndipo piko inapowapata watu. Mara ya kwanza mwili unaweza ukawa unajifunza tu kuitambua hiyo kemikali. Hakuna muwasho, hakuna kipele, picha nzuri, sifa tele. Au muwasho unakuja baada ya wiki au zaidi, wakati umesharudi kwako na hukumbuki hata jina la mchoraji. Mwili ukishaijua hausahau. Mara inayofuata majibu huja ndani ya siku moja hadi tatu. Unaanza kuwashwa kwenye mistari tu, kisha mistari inainuka, kisha malengelenge yanafuata ua kwa ua, jani kwa jani, kana kwamba mchoraji amerudi usiku kuyachora upya. Yakipasuka yanatoa maji. Yakikauka yanaacha alama, nyeusi kwa wengine, nyeupe kwa wengine, za miezi na miezi. Mwenye ngozi ya kuota makovu makubwa anaweza akabaki na ua lililoinuka mkononi maisha yake yote. Mkono wangu wa kushoto ni shahidi wa haya, na hautoi ushahidi wa ziada.

Alama bado si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba mzio huo haupoi. Binti akipakwa leo, akifika miaka arobaini anataka kuficha mvi, anapaka rangi ya kawaida ya saluni, na anaamka uso umevimba macho hayafunguki. Wengine huanza kudhurika pia na baadhi ya nguo zilizotiwa rangi nyeusi, na baadhi ya dawa za ganzi za kupaka. Yote hayo kwa maua mawili ya harusi ambayo yeye hata hakuyaomba.

Wachoraji sasa. Wapo waadilifu, tena wengi, na mji huu una mikono mizuri ya kuchora. Lakini wale wa "ni ya asili hii, ni majani matupu" huku paketi imefichwa chini ya meza, hao sina maneno yao ya kistaarabu. Ukimuuliza ina nini, anakwambia "ni ya Sudan". Sudan ni nchi, si kiambato! Mwingine atakwambia "nitakutest kidogo nyuma ya sikio, usipowashwa tunaendelea". Jaribio la dakika kumi halionyeshi kitu. Mzio huu unakuja baada ya siku. Na hata ukisubiri siku mbili, kama ndiyo mara yako ya kwanza, hilo tone la nyuma ya sikio linaweza kuwa ndilo lililoufundisha mwili wako.

Kanuni yangu ni moja na siibadilishi: isiyohitaji saa nne mkononi haigusi ngozi. Ukibanwa usahau yote niliyoandika, bakia na hiyo. Anayekwambia "kaa nusu saa uoshe" amekwambia kilichomo bila kutaka.

Ukitaka kupima zaidi, nusa. Hina hunuka majani makavu, kama nyasi ya mvua, na ndimu ikiwemo. Ikinuka mafuta ya taa, petroli au saluni, ondoka. Tazama unga kabla haujakorogwa: wa kijani kilichofifia au wa khaki, si mweusi. Koni za hina za dukani zilizokaa rafuni bila friji, hazina tarehe wala orodha ya vilivyomo, ziache pia hata kama zimeandikwa "hina". Hina mbichi iliyokorogwa huharibika ndani ya siku chache kwenye joto la huku. Inayokaa miezi na bado inakolea inasaidiwa na kitu.

Sasa fanya hivi, na hapa ndipo safari yako inapobadilika kidogo. Usipake Tanga. Paka Moshi, Alhamisi jioni.

Chukua unga wa hina uliochekechwa laini, gramu 25, yaani robo ya ile paketi ya 100. Unatosha mikono yako na kubaki. Maji ya ndimu tatu hivi, robo kikombe na kidogo, yatie taratibu hadi iwe nzito inayoshikana na kijiko. Sukari kijiko kimoja na nusu cha chai, ili isikauke ikapukutika. Ukiwa na mafuta halisi ya lavenda, kijiko kimoja cha chai huongeza ukolevu. Mafuta ya karafuu acha, yanaunguza ngozi. Funika kwa nailoni iguse uso wa hina na uiache mahali pa joto saa sita hadi nane. Juu ikigeuka hudhurungi na chini bado kijani, imeiva. Ichuje kwa soksi nyembamba ya nailoni, maana punje moja tu ikiziba koni utaikamua kwa hasira ikumwagikie kiganjani. Itakayobaki tia kwenye friza.

Kabla ya kuchorwa osha mikono kwa sabuni, usipake losheni wala mafuta. Ikishaanza kukauka, igusegusie pamba yenye maji ya ndimu na sukari, funga tishu, juu yake soksi, lala. Asubuhi ikwangue kwa mgongo wa kisu. USIIOSHE. Maji yakae mbali nayo siku nzima ya Ijumaa, ambayo bahati nzuri utakuwa garini: Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza. Pale Muheza machungwa akumenyee mwenzako. Ukishuka stendi ya Kange mkono utakuwa chungwa na utanilaani. Subiri Jumamosi jioni. Kabla ya kuoga, paka mafuta ya nazi juu ya mchoro.

Hapo nimejibu na swali la singo bila kukusudia: ukisinga baada ya hina unaisugua yote ikatoka na liwa. Singo kwanza, hina baadaye. Kwa hiyo ile ya Ijumaa usiku waliyokuandalia, wasinge miguu na mgongo, mikono waiache.

Unang'ang'ania weusi kwa ajili ya picha? Mtu mwenye mkono mtulivu apitishe wanja wa maji juu ya mistari ya hina Jumamosi mchana. Kwenye picha hakuna atakayejua, na usiku unatoka kwa sabuni.

Binti: hina tupu ya maji na ndimu, bila mafuta yoyote, maua mawili, saa mbili tatu zinamtosha hata kama haitakolea sana, akilala nayo sawa. Lakini kama aliwahi kuambiwa ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), au kwenye familia kuna mtu anayekatazwa baadhi ya dawa za malaria kwa sababu hiyo, basi hata hina halisi asipakwe. Kwa watoto wa namna hiyo hina hupenya na kuvunja chembe nyekundu za damu. Hali hii haiko mbali nasi, hupatikana zaidi kwenye watu wa maeneo ya malaria.

Kama unasoma haya na tayari umepakwa piko jana: osha kwa maji mengi na sabuni laini, usisugue kwa dodoki, maana rangi iliyokwisha ingia haitoki na unajichubua bure. Ikianza kuwasha, kitambaa cha maji baridi dakika 15 mara kadhaa. Malengelenge usiyatoboe. Dawa ya meno, majivu, kitunguu, na ile krimu ya kopo lisilo na jina, vyote weka mbali. Nenda hospitali mapema. Kuna dawa za kutuliza hili na zinasaidia zaidi zikiwahi. Uso au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi, kwa Tanga kimbilia hospitali ya Bombo. Na wewe wa Moshi una bahati kuliko sisi, kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kiko mlangoni kwako. Ukienda, mwambie daktari neno "piko" waziwazi, aandike kwenye faili kwamba rangi ya nywele ni marufuku kwako.

Mafuta ya jua: SPF (kiwango cha kinga) 30 kwenda juu, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, rudia kila saa mbili ukiwa Raskazone majini. Dera sijui, mimi navaa ninalolikuta. Habari za basi la safari waulize wenyeji wa Moshi.

Mpigie huyo mchoraji leo hii, muulize kitu kimoja tu: nikae nayo muda gani? Akirudia nusu saa, mwambie mikono imeshachorwa.