Storekipa wangu karudi kutoka Mirembe, nimuachishe?

Mkuu pole, ila usikimbilie kumuandikia barua ya kumuachisha kisa tu alilazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, miezi miwili na watu wa ofisini wanamwogopa. Kwanza sheria ya ajira ya 2004 huku Tanzania Bara inampa siku 126 za kuumwa ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, mradi alete cheti cha daktari, kwa hiyo hizo siku alizolazwa zimo humo humo, na ukimtimua kiholela ana siku 30 za kukupeleka CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, utajuta.

Mi nilikuwa na fundi cherehani mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili), dawa za usiku zilikuwa zinamlevya mpaka asubuhi, saa moja unamkuta anasinzia juu ya cherehani sindano inapita jirani na kidole, nikamwambia we njoo saa nne utoke saa moja jioni, basi, kesi ya kuchelewa ikaishia hapo. Siku ya kliniki namruhusu na hela simkati.

Wako muite pembeni umuulize mwenyewe anataka nini, na nani apigiwe simu mkiona ameanza kukosa usingizi au kuongea peke yake. Ugonjwa wake usiupeleke kwenye grupu la WhatsApp la ofisi aisee! Funguo za stoo mrudishie taratibu, wiki za mwanzo ahesabu mzigo na mwenzake.