Barua kwa Zuhura: kuhusu leba, na lile dekio

Pangani, Jumapili jioni

Mwanangu Zuhura,

Salamu sana, wewe na mkwe wangu. Huku hatujambo, ila jogoo wa jirani anayewika saa nane za usiku. Ndiye aliyeniamsha nikaukuta ujumbe wako. Niliusoma gizani, nikausoma tena baada ya swala ya alfajiri. Nilitaka nikupigie. Nikaona nikipiga nitalia, nawe ukinisikia nalia ndiyo basi tena. Kwa hiyo naandika, na barua nampa shangazi yako anayekuja huko Dodoma Jumatano.

Umeandika kwamba una wiki 32, hulali, kila ukifumba macho unaziona zile video za leba walizokutumia wenzako wa kazini, na unataka kujua kama umwombe daktari akupasue tu, yaishe. "Mama, niambie ndiyo au hapana." Babako alipousoma akasema, mwambie hapana. Babako hajawahi kuzaa.

Nitakujibu. Lakini kwanza nikusimulie ulivyozaliwa, na usiseme unajua. Unachokijua ni mvua. Desemba 1997, El Niño, gari la mjomba limezima Buguruni, maji magotini, Bibi ameshuka anasukuma kwa mkono mmoja na mwingine ameshika chupa ya chai. Hayo tunayasimulia kila Idi tukacheka mpaka machozi. Ya ndani hatujawahi kuyasimulia.

Hospitali siitaji. Tulipofika, Bibi akazuiwa mlangoni: ndugu hawaingii. Akaambiwa atoe beseni, kanga, pamba na wembe, yeye abaki nje. Nikaingia peke yangu na beseni kama mtu anayekwenda kufua. Nilikuwa na miaka 23. Nikapimwa, njia imefunguka sentimita 3, nikaambiwa nikatembee. Nikatembee wapi? Vitanda vimejaa, tumelala wawili wawili mzungu wa nne, miguu ya mwenzako ubavuni mwako. Wangu alikuwa dada mmoja wa Mbagala. Kila uchungu ukimjia anamtukana mumewe, kisha wakwe, kisha mashemeji mmoja mmoja kwa majina, hasahau hata aliyeko Songea. Ukimwachia anaomba radhi kwa Mungu, anavuta pumzi, anangojea zamu ya shemeji anayefuata. Nilicheka mwanangu. Mtu anaweza kucheka akiwa kwenye uchungu, hilo kwenye video zako hawakuonyeshi, kwa sababu uchungu wa kuzaa si kama wa jino. Unakuja, unapanda, unakubana kiuno mpaka unasahau jina lako, halafu unakuachia kabisa. Kabisa! Unabaki unaangalia dari.

Saa tisa usiku sikucheka tena. Nilipiga kelele moja, moja tu, nikimwita Bibi. Nesi akaja akanipiga kibao cha paja, akasema, "Mlipokuwa mnatafutana ulipiga kelele hivi?" Wanawake wengine wakanyamaza kimya. Yule wa Mbagala naye akanyamaza.

Nimefundisha watoto miaka thelathini, nimewazika wazazi wangu wote wawili, nimeshavunjika mkono, na kibao kile bado kiko pajani. Wakati mwingine namtetea. Nasema alikuwa amechoka, walikuwa wawili kwa wodi nzima, mvua imewazuia wa zamu kufika, na labda na yeye alipigwa alipokuwa anazaa akadhani ndivyo inavyofanywa. Kisha namkumbuka mamako mdogo Rehema, miaka yote hiyo mkunga, zamu za usiku zimemla macho, na hajampiga mtu. Basi narudi kumkasirikia upya.

Baada ya nesi kuondoka alipita mama mmoja mfagiaji. Sikumjua jina, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kibao. Alikuwa anadeki. Akanitazama, akaangalia mlangoni, akanisogezea mti wa dekio. "Shika hapa. Ukija, finya. Usinifinye mimi, nina vidole vya kufanyia kazi." Akabaki amelishika upande wa pili. Ukinijia nafinya mti, naye anauvuta kidogo kwake, kama watu wawili wanaokamua nguo. Ukiniachia anadeki hatua mbili tatu, anarudi. Sakafu ya upande wetu usiku ule ilisafishwa kuliko ya Ikulu. Hakuniambia "jikaze". Alisema tu, "Huo umepita. Huo nao umepita." Ulipozaliwa alfajiri ni yeye aliyekwenda mlangoni kumwambia Bibi, msichana, wote wazima.

Siku ya arobaini nilirudi na doti ya kanga kumtafuta. Wakaniambia wafagiaji wamebadilishwa, hawajui ninayemsema. Kanga ile bado iko sandukuni, haijakatwa.

Sasa unaelewa kwa nini Bibi alikuwa na neno lake lile. Ulilisikia mara ngapi? "Mwenye uchungu haegemezwi ukuta, huegemezwa mtu." Alilisema kwa hasira, kwa sababu yeye usiku ule aliegemezwa geti. Mimi nimelishika kama dini. Na nilifurahi Rehema aliponiambia kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za kujifungua, na ndani yake limo hilohilo la Bibi: kila mwanamke anapojifungua awe na mtu wake, anayemtaka mwenyewe, wakati wote. Nikamwambia Rehema, wangemuuliza mama yetu wangeokoa nauli za mikutano.

Unaona nilivyo. Umeniuliza kisu, nakujibu dekio. Lakini nilipokuwa nasoma ujumbe wako nilijiuliza huyu anaogopa nini hasa. Maumivu? Kufa? Kuchanika? Kupiga kelele mbele za watu? Mimi niliogopa aibu kuliko kifo. Somo wangu alinifunza mambo yote ya mume, ukiuliza ya leba anasema, "Utajua ukifika." Nikaja nikakufanyia vilevile. Ulipokuwa na miaka 16 uliniuliza jikoni kama inauma, nikakwambia koroga uji. Nilidhani nakulinda. Video za wenzako zimepata nafasi kwa sababu mimi niliiacha wazi, na hilo naomba unisamehe.

Nilikuwa nadhani hofu kama yako ni deko. Rehema alinikatiza simu karibu anipige. Ati ina jina kabisa, tokofobia, na wapo wanawake inawafika mahali pa kukosa usingizi na chakula, na dawa yake si kuambiwa mbona wenzako wamezaa. Inataka mtu wa kuisikiliza, mkunga au mshauri, mapema, na aambiwe waziwazi kama ulivyoniambia mimi: silali. Mwambie daktari hilo kabla hujamwambia habari ya kupasuliwa. Kwa mpangilio huo, tafadhali.

Rehema amesema pia umuulize kama hospitali yako ina sindano ya ganzi ya mgongoni kwa wanaozaa kawaida, maana zipo zinazotoa na zipo zisizotoa. Na uombe kuonyeshwa leba mchana, ukiwa huna uchungu, uone kitanda, uone choo kiko wapi. Kwa mtoto wa kwanza, njia ikishafika sentimita 5, kwa kawaida mpaka ifunguke yote haizidi saa 12, na wengi huchukua pungufu ya hapo; kisha ndipo kusukuma. Wewe ni mhasibu, namba zinakutuliza. Basi chukua na hii: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulihesabu akina mama 556 waliokufa kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukahesabu 104. Mimi hainitulizi, maana kila mmoja katika 104 ana mama yake. Lakini nimekuandikia kwa sababu ni kweli. Na kichwa kikiuma kisiache, au macho yakiona maluweluwe, au damu, au mtoto akipunguza kucheza, usiningoje mimi wala simu yangu, nenda siku hiyohiyo.

Haya, kisu. Mdogo wako Hamisi alipokingama tumboni mwaka 2003 nilipasuliwa, na bila kisu kile mimi naye tungekuwa udongoni. Kwa hiyo mtu asinijie na maneno ya kwamba aliyepasuliwa hakuzaa. Nilizaa. Ila wewe ulikuwa na miaka 5, nadhani unakumbuka nilivyokuwa nateremka kitandani kwa kujiviringisha, na wewe unalia nikubebe nami siwezi hata kuinua sufuria. Uchungu wako niliulipa papo hapo. Wa Hamisi nilikopeshwa, nikalipa baadaye na riba. Kovu linabaki kwenye mfuko wa uzazi, na kila mimba inayofuata wanaliangalia kwa wasiwasi: linaweza kuachia, kondo linaweza kung'ang'ania palepale. Kama unataka mmoja hiyo ni hesabu moja. Kama bado unataka wanne, ulivyokuwa unatangaza darasa la sita, ni hesabu nyingine.

Unaona, nimeshaanza kukwambia hapana. Kurasa nzima nimejizuia.

Ngoja nijirudi. Maana nikikwambia hapana, kisha ukaingia leba hujalala miezi miwili, umekakamaa kwa woga, halafu mtu akakupiga kibao, hapana yangu itakuwa imekusaidia nini? Na nikikwambia ndiyo, ukapasuliwa kwa sababu ya video, pengine kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kushika upande wa pili wa mti. Sijui kilichomo tumboni mwako wala kilichomo kichwani mwako. Daktari anajua la kwanza, la pili unalijua wewe. Mimi ninalo langu, nalo linaniwasha ulimi, lakini nimemuahidi Rehema sitaliandika. Ukinibana kwenye simu sijiamini.

Hili naliandika bila kumuuliza mtu: mwenye uchungu haegemezwi ukuta. Mkwe wangu aende mwenyewe, wiki hii, akaulize kama mlango wa leba unapita mtu wa pili. Kama haupiti aulize hospitali nyingine, Dodoma haina moja. Nami nitatoka huku ukifika wiki 36, basi mpaka Morogoro, hapo nidake treni. Shangazi anakuletea asali na pilipili manga za uji. Ni za baada ya kuzaa, usizianze sasa kwa uroho wako.

Na mtu wa kuingia naye umchague wewe. Usinichague mimi kwa heshima. Ukimtaka mumeo sema, na kama anazimia akiona damu, sema pia, tumjue mapema. Kama unamtaka rafiki yako yule mrefu wa benki, sitanuna. Labda siku moja. Mimi nitakaa nje getini na chai, nilishaona inavyokaliwa. Chupa ni ileile ya Bibi, kifuniko kimepasuka lakini bado inashika moto.

Mamako