Usistaafu kwa sababu jua limewaka

Jumatatu iliyopita nimetoka nyumbani na koti zito na kofia ya sufu, saa nne jua likawaka nikavua koti nikawa nalibeba mkononi kama mtoto, saa nane ikapiga mvua ya mawe, jioni narudi jua tena na upinde wa mvua juu. Ndo majira ya kuchipua hayo, yale yanayofuata baridi huku kaskazini mwa dunia. Kuna wanaoyaita masika, mi siwezi, masika najua mvua inakuja na inanyesha, sasa haya mambo ya misimu minne ndani ya siku moja ni kitu kingine kabisa.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu nimebakiza kama mwaka mmoja na nusu kustaafu, na kosa nililolifanya kwenye miche yangu ya nyanya ndo lilelile nilikuwa najiandaa kulifanya kwenye pensheni. Miche ikafa, mimi nikapona.

Ilikuwa mwaka juzi. Nilikuwa nimeotesha miche 24 ndani, dirishani, kwenye vikopo vilivyotumika. Ikaja wiki moja ya joto, nyuzi 20, 21, watu mikono mifupi, nyuki wametoka, nikasema basi, baridi imekwenda zake. Mke wangu akaniambia baba, subiri kidogo. Nikamwambia hebu chungulia nje mama, hii ndo baridi? Nikaipanda yote siku moja, Jumamosi. Usiku wa tatu utabiri kwenye simu ukasema nyuzi 3 nikalala fofofo maana 3 si sifuri. Asubuhi nikaenda kuiangalia na kikombe changu mkononi, majani yote yamelala, yamegeuka kijani cheusi, ukiyashika laini kama mboga iliyochemshwa. Yote 24. Mke wangu akaja akasimama pembeni, hakusema kitu, akanipokea kikombe akarudi nacho ndani. Afadhali angesema.

Baadaye ndo nikaja kuelewa. Ile nyuzi 3 ya utabiri inapimwa kivulini, kimo cha mita moja na nusu mpaka mbili kutoka chini. Usiku ukiwa hauna wingu wala upepo ardhi inalipoteza joto lake angani, maana mawingu ndo blanketi lake, halafu hewa ya baridi ni nzito, inatulia chini kabisa. Kwa hiyo kule juu kipimo kinasoma 3 na huku chini kwenye majani ni sifuri au pungufu, jalidi, yaani umande ulioganda, imeshashika. Yaani siku yenye anga safi, jua la kupendeza mchana kutwa, ndo inafuatiwa na usiku unaoua. Na jua la mwezi wa nne, kwa walioko kaskazini mwa dunia, lina nguvu kama la mwishoni mwa mwezi wa nane, si mchezo, ila bahari na maziwa bado yanatunza baridi ya miezi iliyopita, maji huwa yanachelewa sana kupata joto, na hewa ya kutoka ncha ya dunia bado haijakubali kuondoka. Upepo ukigeuka kidogo tu unajikuta mwezi wa kwanza.

Sasa wiki ileile ya msiba wa nyanya ikaja barua ya makadirio ya pensheni. Nikaisoma mezani na kucha zina udongo, mpaka leo ile karatasi ina alama ya dole gumba. Kusema kweli tarehe nilikuwa nimeshaiweka, nimeiandika kwa ndani ya mlango wa kabati langu la kazini, kila shifti ikiisha nakata mstari. Ungeniuliza kwa nini tarehe ile nisingekuwa na jibu zaidi ya kwamba umri umefika. Na umri wenyewe ni namba tu, kuna watu walikaa wakakubaliana, Ujerumani walipoanzisha pensheni ya uzee mwaka 1889 ulikuwa miaka 70, mwaka 1916 wakaushusha kuwa 65. Ni kama hii tarehe 20 Machi ya kuanza kwa majira, kwenye kalenda ipo, ila ukichomeka kipimajoto kwenye udongo unakuta nyuzi 7 na nyanya inataka kama 15.

Nikawa naisoma ile barua najiuliza, hivi hii si ndo ile wiki ya joto? Maana miaka miwili mitatu kabla ya hapo akiba yangu ilikuwa imepanda vizuri, afya nzuri, watoto wameshajitegemea, kila kitu nyuzi 21. Na mi nataka kuhamia nje na miche yote siku moja.

Hapa kuna kitu nitakikalia kidogo kwa sababu nilipokielewa nilikosa usingizi. Kama sehemu ya mafao yako iko kwenye uwekezaji unaopanda na kushuka, hisa na vitu kama hivyo, miaka mibaya ikija mwanzoni mwa kustaafu inakuumiza kuliko ileile ikija baadaye. Chukua fungu la 100. Kila mwanzo wa mwaka unatoa 5 za kula. Mwaka wa kwanza soko linashuka asilimia 20, wa pili linashuka 10, wa tatu linapanda 15, wa nne linapanda 20. Mwisho unabakiwa na kama 75. Sasa geuza mpangilio tu, mizuri itangulie, namba zilezile, unabakiwa na karibu 83. Na kama ungekuwa hutoi kitu, vyovyote ungevipanga ungeishia palepale, 99 na ushee. Kwa hiyo hasara inatoka kwenye kule kuchota wakati soko liko chini, unauza vipande vingi kwa bei mbaya na hivyo vipande havitakuwepo soko likirudi. Hiyo ni miaka minne tu, we fikiria 25. Jalidi ileile ikimkuta mche wa wiki mbili umekwenda, ikiukuta mti mkubwa unadondosha majani machache maisha yanaendelea.

Mtu atasema mbona kuna ile kanuni ya asilimia 4. Ipo, aliitoa mshauri wa fedha Mmarekani William Bengen mwaka 1994, alipekua kumbukumbu za masoko ya Marekani akaona ukichota asilimia 4 mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka unaongeza kufuata bei zilivyopanda, fungu lilikuwa linatosha walau miaka 30. Ni mwanzo mzuri wa kupiga hesabu. Ila imetokana na historia ya nchi moja, na we hustaafu ndani ya historia.

Na vile vikokotoo vya kustaafu vya mtandaoni navyo, jamani. Unaulizwa unategemea ukuaji asilimia ngapi, unaandika 6 kwa sababu 6 inaonekana namba ya adabu. Kwa miaka 25, 100 ikikua kwa asilimia 5 inafika kama 339, kwa 6 inafika 429. Umebonyeza kitufe kimoja umetajirika. Inanikumbusha yule mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, mwaka 1961 alirudia hesabu kwenye kompyuta yake akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, akatoka kidogo, kurudi anakuta hali ya hewa iliyotoka ni nyingine kabisa. Ndo maana mpaka leo utabiri wa siku baada ya siku unaishia kama wiki mbili hivi, zaidi ya hapo ni kubahatisha. Sasa mtu ambaye simwamini kuniambia kama Jumapili ijayo nibebe mwavuli, nimwamini na mwaka wangu wa 80?

Basi mi nikaacha kutafuta utabiri mzuri zaidi nikarudi kwenye miche. Wakulima wanajua kukomaza miche kabla ya kuihamisha: siku ya kwanza unaitoa nje kwa muda wa saa moja au mbili kivulini, unairudisha ndani, kesho unaongeza, siku saba mpaka kumi hivi, mpaka shina linakuwa gumu na jani linazoea upepo. Nikajiambia na mimi nikomazwe.

Kwanza hela. Miezi sita tuliishi kwa kiwango cha pensheni tu. Mshahara ukiingia, kile kilichozidi pensheni kinahamia akaunti nyingine siku hiyohiyo, kadi yake anayo mke wangu na masharti ni kwamba haiguswi. Mwezi wa kwanza tulijiona mashujaa. Wa pili vilevile. Mwezi wa nne jino langu la nyuma likapasuka, wiki ileile gari ikagoma, na nikagundua bajeti yangu nzuri nzuri ilikuwa ya mwezi ambao hakuna kitu kinaharibika, na mwezi kama huo haupo. Kadi ikatoka. Mke wangu aliniangalia akasema baba, tumerudi ndani dirishani. Tukacheka lakini ilikuwa kweli. Ile miezi sita imenifundisha kuliko barua zote nilizotumiwa, na ukiwa bado una mshahara kosa linakugharimu aibu tu.

Halafu tukaanza kujenga fungu la kufunikia, matumizi ya mwaka na nusu hivi, lengo miwili, kwenye akaunti ya kawaida isiyopanda wala kushuka, ili miaka mibaya ikija mwanzoni tule hapo na tusiguse vile vya kwenye soko. Kwa upande wa ukuaji hela hiyo imelala, najua, mfumuko wa bei unaila taratibu, bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka zinajirudia mara mbili ndani ya miaka 12, kwa hiyo siweki kila kitu hapo. Ni kama shuka la kufunikia miche usiku wa baridi.

Hela ilikuwa rahisi lakini. Kigumu kilikuwa siku zenyewe. Nilimwomba bosi nipunguze niwe nafanya siku nne, nilijua atakataa, akakubali bila hata kunyanyua kichwa (hiyo nayo iliniuma kidogo). Jumanne zikawa zangu. Sasa we jiangalie, ukifikiria kustaafu unajiona wapi? Unajiona nje. Bustanini, unatembea, unacheza na wajukuu uwanjani. Ndoto za kustaafu zote zina jua. Jumanne yangu ya kwanza ilinyesha kuanzia alfajiri, saa tatu nilikuwa nimeshamaliza kila kitu, saa nne nikafungua friji mara tatu, saa tano nikampigia mwenzangu kazini nikijifanya nauliza funguo za stoo ziko wapi, na funguo najua ziko wapi miaka kumi na moja. Mke wangu yeye ana ratiba zake, na mimi nilikuwa kwenye njia yake, akifagia nahama kiti, akihama nahama.

Ilichukua miezi. Nimejiunga na watu wanaotengeneza baiskeli kuukuu, ndani, kwenye banda, mvua inyeshe isinyeshe. Kuna jirani mzee ambaye namsomea barua zake maana macho yamepungua. Vitu vidogo, lakini vina saa na kuna mtu anayenisubiri, na hicho ndo nilichokuwa nakipata kazini bila kujua. Kwa hiyo ushauri wangu ukipanga kustaafu panga Jumanne ya mvua kwanza, za jua zitajipanga zenyewe.

Kuna maswali pia ya kwenda kuuliza mapema, na ukajibiwe kwa maandishi. Pensheni itapanda bei zikipanda au itabaki ilivyo? Nikitangulia mimi, mwenzangu atapata ngapi? Nikichukua mkupuo mkubwa mwanzoni, ile ya kila mwezi inapungua kiasi gani maisha yote? Na kati ya mshahara wa mwisho na malipo ya kwanza ya pensheni kuna miezi mingapi? Hilo la mwisho watu hawaulizi. Mwenzetu mmoja alikaa miezi minne bila kitu kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa tofauti kwenye karatasi mbili, herufi moja, na mkupuo wake alikuwa ameshauahidi kwenye biashara ya shemeji. Simcheki, wiki ya joto inamdanganya kila mtu.

Tarehe ya kwenye mlango wa kabati niliifuta. Niliyonayo sasa nimeisogeza mbele mwaka mmoja kuliko ile, imeandikwa kwa penseli, na mwakani naomba siku tatu.

Nilitaka kuandika na habari za bima ya afya lakini naona nje giza limeshaingia, utabiri unasema nyuzi 4, hakuna wingu hata moja na majani ya mti wa jirani hayatikisiki. Miche 18 mwaka huu, iko nje siku ya tano. Mke wangu ameshatoa mashuka ya zamani ananisubiri mlangoni.